Ubeti Mmoja kwa Siku: Namna ya Kupata la Kutunga Ukiwa Mombasa

Watu wengi wanaopenda ushairi hukata tamaa mapema kwa sababu husubiri jambo kubwa liwafike ndipo washike kalamu. Husubiri msiba, mapenzi, uchaguzi au sikukuu, na katikati ya matukio hayo daftari hukaa jeupe kwa majuma mengi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetaka kutunga kila siku, huku akiwa na kazi yake, watoto wake na safari zake za matatu za asubuhi na jioni, na ambaye kila anapoketi hukabiliwa na swali lile lile: leo nitunge nini? Ushauri wangu ni kwamba asianze na mada. Aanze na kauli, yaani kipande cha maneno kilichokwisha kutamkwa na mtu na ambacho kina mizani yake, yaani hesabu ya silabi, tayari, akifanye kibwagizo, yaani mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, kisha aiache mada ije kukitafuta kibwagizo hicho. Ushairi wa upwa wetu umejengwa kwa namna inayoruhusu jambo hili, na ndiyo sababu naamini kwamba anayetunga kwa Kiswahili hana haki ya kulalamika kuwa amekosa la kusema.

Kipimo cha siku

Kabla ya kutafuta la kutunga, ni lazima mtu akubaliane na nafsi yake kuhusu kiasi. Shairi zima kwa siku ni mzigo usiobebeka kwa muda mrefu, na anayejitwika mzigo huo huuacha kabla mwezi haujaisha. Ubeti mmoja unatosha. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, yaani mistari minne, na katika muundo wake uliozoeleka kila mshororo una mizani 16 iliyogawanyika katika vipande viwili vya mizani minane minane, yaani ukwapi na utao. Hivyo kazi ya siku nzima ni mizani 64, ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa amesimama kwenye foleni ya benki. Siku iliyojaa shughuli, ubeti wa utenzi una nusu ya hapo: mishororo minne ya mizani minane, mitatu ya kwanza ikishirikiana kina, yaani silabi ya mwisho inayofanana, na wa nne ukibeba kina cha bahari, kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti hadi utenzi utakapokamilika.

Wapo watakaoniambia kwamba vina na mizani humfunga mtunzi anayeanza, na kwamba ingekuwa afadhali aandike lolote linalomjia bila kuhesabu. Mashairi huru yana mahali pake na yana mabingwa wake. Hata hivyo, kwa mtu anayetafuta mazoea ya kila siku, arudhi, yaani kanuni hizo za vina na mizani, ni msaada mkubwa kuliko uhuru, kwa sababu inampa swali dogo linalojibika. Swali la "nitasema nini kuhusu maisha?" humwacha mtu akitazama dari, lakini swali la "ni neno gani lenye kina cha -ka litakalokamilisha mizani minane?" humfanya aanze kutafuta papo hapo, na katika kutafuta hukutana na mawazo ambayo asingeyapata kwa kukaa na kuwaza.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mji huu una urithi wa mashairi yaliyozaliwa na mambo ya kila siku. Muyaka bin Haji, aliyeishi hapa Mvita kuanzia karibu mwaka 1776 hadi karibu 1840, alitunga kuhusu vita na siasa za zama za Mazrui, ukoo uliotawala mji huu, lakini alitunga pia kuhusu mapenzi, ufukara, nyumba na majirani. Beti zake nyingi zilidumu vinywani mwa watu, zikaja kuandikwa baadaye katika karne hiyo ya 19 kwa msaada wa wajuzi kama Mwalimu Sikujua, aliyekuwa amezihifadhi. Anayehofia kwamba maisha yake ni ya kawaida mno kuweza kuingia katika ushairi na autafakari urithi huo.

Kibwagizo kwanza

Hapa ndipo penye kiini cha njia ninayoipendekeza, kwa hiyo nitapaeleza kwa mfano. Kivukoni Likoni, wakati wa msongamano wa asubuhi, nilimsikia mzee mmoja akimwambia kijana aliyekuwa akiwasukuma watu ili atangulie: "Mwanangu, ng'ambo haina haraka." Ukiihesabu kauli ile kwa silabi, ng'a-mbo-ha-i-na-ha-ra-ka, utaona kwamba ni mizani minane kamili. Mzee yule hakukusudia kutunga, lakini alikuwa ametamka ukwapi wa mshororo wa tarbia. Kilichobaki ni kuongeza utao wa mizani minane, nami niliutoa katika neno lile lile alilomwita kijana: mwanangu we tulizana.

Sasa andika mshororo huo chini kabisa ya ukurasa na uache nafasi ya mishororo mitatu juu yake. Pembeni, panga safu mbili za maneno: moja ya maneno yanayoishia kwa -ka, kwa ajili ya vina vya kati, na nyingine ya yanayoishia kwa -na, kwa ajili ya vina vya mwisho. Usichague bado. Andika tu: kufurika, kufika, kutamka, kuvuka, kuanguka, kuteseka, kisha kusukumana, kugongana, kuagana, jana, sana, kuona. Utagundua kwamba safu hizo zimeanza kusimulia kisa kabla hujatunga mshororo hata mmoja, kwa sababu maneno ya kusukumana na kugongana yanakurudisha kivukoni, na neno la kuagana linakupeleka mahali pengine kabisa. Utao ndio unaosumbua zaidi kwa kuwa ndio unaofunga mshororo, kwa hiyo jaza utao wa mishororo yote mitatu kwanza na ukwapi uje baadaye. Mimi nilipata ubeti huu:

Umati umefurika, watu wanasukumana,
Kivuko kinapofika, mabega yanagongana,
Mzee akatamka, kwa sauti pole sana:
Ng'ambo haina haraka, mwanangu we tulizana.

Ni ubeti mwepesi na haudai makuu. Unaeleza kilichotokea, ukaishia hapo. Faida yake inaonekana kesho yake, unapokirudia kibwagizo kile kile bila kukibadilisha hata mizani moja, kisha ukajiuliza ni nani mwingine angeweza kuitamka kauli hiyo. Mama anayemuaga mwanawe anayekwenda kutafuta kazi Uarabuni angeweza kuitamka, na mara moja neno ng'ambo linaacha kuwa ufuo wa pili wa mlango wa Kilindini:

Mwana anahangaika, Uarabuni kuona,
Pasi ameshaiweka, mfukoni tangu jana,
Mamaye amemshika, mkono wanaagana:
Ng'ambo haina haraka, mwanangu we tulizana.

Siku ya tatu ng'ambo inaweza kuwa ahera, na msemaji akawa bibi kizee anayezungumza na mjukuu mgonjwa aliyechoka na maumivu. Siku ya nne inaweza kuwa utajiri, siku ya tano ndoa. Kauli moja iliyookotwa kivukoni inaweza kukulisha juma zima, na mwisho wa juma ukajikuta una shairi la beti tano au sita ambalo hukupanga kulitunga. Mtu akiniuliza ni sehemu gani ya mwongozo huu aishike endapo hana nafasi ya kushika nyingine, nitamwelekeza hapa.

Kauli ziko wapi?

Ziko kila mahali penye watu wanaohitajiana. Sokoni ndiko zinakopatikana kwa wingi zaidi, kwa sababu muuzaji hana muda wa kurefusha maneno na lazima kauli yake ishike sikio la mpita njia. Pita Marikiti asubuhi, au Kongowea wakati malori yanaposhusha mizigo, au soko la samaki karibu na Bandari ya Kale wakati wavuvi wanaporudi, na usikilize mafungu mafupi ya maneno huku ukihesabu kwa vidole. "Bei hushuka jioni" ni mizani minane. "Ukichagua hupati" ni minane. Baada ya majuma machache sikio lenyewe litazoea kuzinasa kauli za mizani minane bila vidole, na utaanza kuzisikia ndani ya matatu, kwenye baraza za Kibokoni na Kuze, na hata katika mazungumzo ya simu ya mtu aliyeketi kiti cha nyuma yako.

Kanga ni hazina nyingine, nayo iko wazi kwa yeyote mwenye macho. Kila doti ina jina lililoandikwa juu ya pindo la chini, na majina hayo hutungwa ili yasomwe kwa mara moja na kueleweka kwa namna mbili. Tembea mtaa wa Biashara penye maduka ya kanga na usome zilizotundikwa milangoni. Nyingine zina mizani pungufu, nyingine zimezidi, lakini kazi ya kuipunguza au kuiongeza kauli ya kanga hadi itoshee mshororo ni zoezi zuri la siku ambayo hujasikia lolote. Methali nazo ni hivyo hivyo. "Mficha uchi hazai" na "Mwenda pole hajikwai" zote ni mizani minane. "Haraka haraka haina baraka" ni mizani 12 yenye kituo katikati, sita kwa sita, ambao ndio mpangilio wa wimbo. Na "Usisafirie nyota ya mwenzio" nayo ni sita kwa sita. Anayehesabu methali namna hii hugundua kwamba waliotutangulia walizitunga kwa sikio la kishairi, na kwamba kila methali inaweza kuwa kibwagizo kinachongojea mishororo yake mitatu.

Nina tahadhari moja kuhusu kuokota kauli za watu. Mombasa ni mji ambao watu wanajuana, na lililosemwa barazani kwa siri linatambulikana hata likivikwa vina. Chukua kauli, uiache siri. Ikiwa kisa chenyewe ndicho kinachokuvuta, kifumbe kama ilivyo desturi yetu: mwenye gomvi la ardhi awe ndege aliyenyang'anywa tundu, na mke aliyeachwa awe jahazi lililokosa nahodha. Fumbo linamsitiri aliyetajwa, na mara nyingi linaufanya ubeti uwe bora zaidi kwa kuwa linamlazimisha mtunzi kutafuta picha.

Bahari na saa moja ya kila siku

Njia ya pili, inayowafaa watu wasiopenda makelele ya sokoni, ni kuchagua mahali pamoja na saa moja, ukaenda hapo kila siku na kutunga juu ya kinachoonekana. Katika miji mingi njia hii ingechosha haraka, lakini Mombasa ina bahari, na bahari haikubali kuonekana sawa siku mbili mfululizo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, lakini kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Maana yake ni kwamba ukifika katika bustani ya Mama Ngina kila siku saa kumi na mbili jioni, leo utayakuta maji yamejaa hadi chini ya mwamba, na baada ya juma moja, saa ile ile, yatakuwa yamekupwa na miamba iko wazi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa huzidi meta tatu hapa Kilindini. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana na bahari huonekana kama haina nia ya kwenda popote.

Juu ya hayo kuna pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi ikashika kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, na kati yake huja matlai. Rangi ya maji hubadilika, harufu hubadilika, aina ya samaki sokoni hubadilika, na hata jua la jioni huonekana likitua upande tofauti kidogo. Meli zinazoingia bandarini hazifanani. Wauzaji wa mihogo na madafu wanabadilika kwa siku za wiki, na familia zinazokuja Jumapili si za Jumatano. Mtunzi anayefika hapo kwa saa ile ile hahitaji kubuni kitu. Anahitaji tu kuuliza ni nini ambacho jana hakikuwapo. Jibu la swali hilo ndilo ubeti wa leo. Kwa kazi hii utenzi unafaa kuliko tarbia, kwa kuwa ufupi wa mshororo unamfanya mtu ataje kitu kimoja tu na kusonga mbele:

Bahari imejitenga,
Imeuacha mchanga,
Mashua zimejipanga,
Zangoja maji kujaa.

Asiye karibu na bahari anaweza kuchagua dirisha lake la Changamwe au kituo chake cha matatu cha Kisauni. Cha muhimu ni kwamba mahali na saa visibadilike, ili mabadiliko yote yawe ya kile kinachotazamwa.

Kukusanya maneno ya kazi

Mara nyingine kinachokosekana ni neno, na wazo lenyewe lipo. Mtu anaitazama mashua lakini hajui sehemu zake zinaitwaje, hivyo ubeti wake unabaki na neno mashua peke yake, likirudiwa hadi linapoteza ladha. Mwendee anayeijua kazi, umwombe akutajie majina. Omo, tezi, mlingoti, foromali, tanga, usukani: kila neno katika hayo ni mlango wa ubeti, na kila moja linaleta kina kipya. Ahmad Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufariki hapa Mombasa mwaka 2017, alilijua hili vyema. Alitunga utenzi kuhusu ujenzi wa chombo cha baharini, uliochapishwa mwaka 1979, na mwingine kuhusu mnazi, uliochapishwa mwaka 1985, na katika tungo hizo alihifadhi istilahi ambazo vijana wengi walikuwa wamekwisha kuzipoteza.

Chukua mnazi huo huo uwe somo lako la juma moja. Tunda lake huanza kuwa kidaka, likawa kitale, kisha dafu, kisha koroma, na mwisho nazi. Majina matano ya umri wa kitu kimoja yanatosha kwa siku tano za kutunga, kwa kuwa kila hatua inaweza kusimama badala ya umri wa binadamu: kitale ni mtoto anayesifiwa na wote, koroma ni yule ambaye utamu wa udafu umemtoka na unazi bado haujamwingia, na sijui mzazi wa kijana wa miaka 15 ambaye hatalielewa koroma papo hapo. Fanya vivyo hivyo kwa maneno ya jikoni, ya useremala, ya ususi wa mikeka na ya ushonaji wa kofia. Ukiwa na bibi au shangazi aliyezifanya kazi hizi, keti naye alasiri moja na daftari lako, umsalimie ipasavyo, umwache aeleze kwa mpangilio wake mwenyewe bila kumkatiza kwa maswali.

Kimvita chenyewe, lahaja ya Mombasa, ni ghala la vina ambalo wengi wanaosoma Kiswahili cha shuleni hulisahau. Anayesema macho ana vina vya -cho, ambavyo si vingi. Anayesema mato, kama wasemavyo wazee wetu, anapata moto, mto, uzito, mtoto na ndoto. Anayesema nti badala ya nchi anafunguliwa kiti, mti na dhati. Uhuru huu umekuwa sehemu ya ushairi wetu kwa karne nyingi, na mtunzi wa Mombasa ana haki nao kwa kuzaliwa au kwa kuishi hapa. Autumie kwa kiasi, na asichanganye lahaja ovyo ndani ya ubeti mmoja.

Mahadhi

Ziko siku ambazo maneno hayaji kabisa hadi yaitwe kwa sauti. Mashairi yetu yalitungwa yaghaniwe, na kila bahari, yaani kila aina ya utungo, ina mahadhi yake yanayojulikana. Kabla ya kuandika, ghani kwa mvumo tu, bila maneno, mahadhi ya utenzi uliosikia utotoni au ya shairi unalolipenda, ukiwa jikoni au ukitembea. Baada ya mizunguko michache utasikia mahali pa kituo, na ulimi utaanza kutia silabi zisizo na maana, kisha miongoni mwake litatokea neno la kweli. Lishike neno hilo. Njia hii ni ngumu kuieleza kwa maandishi, lakini kila ninayemfahamu anayetunga kwa wingi huitumia kwa namna fulani, na wapo ambao hawawezi kabisa kutunga wakiwa wameketi kimya.

Kujibizana

Dawa yenye nguvu kuliko zote kwa mtu anayekosa msukumo ni kuwa na mwenzake anayemngojea. Ushairi wa Kiswahili umeishi kwa majibizano. Mtu alirusha ubeti, mwenziwe akaujibu kwa vina vile vile, na wa tatu akaingia kuwasuluhisha au kuwachochea. Tafuta mtu mmoja tu, asiyekuwa mwepesi wa kukasirika, mkubaliane kwamba kila mmoja atamtumia mwenzake ubeti kwa simu siku zinazofuatana: leo wewe, kesho yeye. Sharti liwe kwamba jibu lifuate vina na mizani ya swali na lisikubaliane nalo kwa wepesi. Anayepokea ubeti amepewa mada, vina na sababu ya kutunga kwa pamoja, na hawezi tena kusema kwamba hana la kusema. Ule ubeti wa mama na mwana, kwa mfano, ukimfikia mtu anayemuelewa kijana kuliko mama, jibu lake linaweza kuwa hivi:

Mama nimefadhaika, kazi huku sijaona,
Umri wanipunguka, na mfukoni hamna,
Radhi zako nazitaka, niombee kwa Rabana:
Ng'ambo nami nitavuka, mamangu tutaonana.

Mjadala mzima wa vijana wetu wanaokwenda Ghuba umo ndani ya beti hizo mbili, na hakuna aliyeketi kupanga kuutungia. Kundi kubwa la simu lenye watu wengi linafaa kwa kusoma na kupeana moyo, lakini kwa mazoea ya kila siku watu wawili wanatosha, kwa sababu katika kundi kila mtu hudhani mwingine atajibu.

Siku kavu

Siku ambayo hujasikia kauli, hukufika baharini, na mwenzako hajakuandikia, rudi katika daftari lako mwenyewe. Chukua mishororo miwili uliyoitunga zamani, iliyo na kina cha mwisho kimoja, na utangulize mitatu mipya yenye kina hicho hicho, upate takhmisa ya mishororo mitano. Watunzi wa kale wa pwani walizifanyia hivyo tungo za waliowatangulia, nao walihesabu kwamba ni heshima. Faida yake kwako ni kwamba unalazimika kuuliza: kabla sijayasema haya, ni nini kilichokuwa kimetokea? Swali hilo karibu kila mara lina jibu. Ikiwa hata hilo limeshindikana, andika safu ya vina ishirini vya silabi moja na ufunge daftari. Siku hiyo imehesabika, na safu hiyo itakufaa.

Wakati, daftari na yatakayofuata

Kuhusu wakati, sina la kushurutisha. Baada ya sala ya alfajiri akili ni safi na nyumba imetulia, na wengi wa watunzi ninaowafahamu huupendelea wakati huo. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku au dereva wa matatu hawezi kuufuata. Kinachofaa ni kuuambatisha utunzi na jambo ambalo tayari hulikosi kila siku, kama kikombe cha kahawa tungu cha jioni au muda wa kungoja kivuko. Usitake vifaa vingi. Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa aliyefungwa kwa sababu za kisiasa kuanzia 1969 hadi 1972, aliandika mashairi yake kwa siri juu ya karatasi za chooni, na diwani, yaani mkusanyo wa mashairi, iliyotokana nayo ilichapishwa mwaka 1973.

Hata hivyo, kwa aliye huru kuchagua, napendekeza daftari la karatasi kwa ajili ya beti na simu kwa ajili ya kauli. Kauli huja ukiwa umesimama na mikono imejaa, kwa hiyo inanaswa haraka kwa simu, hata kwa kujirekodi; ubeti unahitaji kufutwa, kuhesabiwa na kuandikwa tena, na kufutwa kwenye karatasi kunakuachia ushahidi wa ulichokifuta. Andika upande wa kulia tu na uuache wa kushoto wazi kwa ajili ya masahihisho. Chini ya kila ubeti weka tarehe na mahali: kivukoni, Marikiti, nyumbani. Baada ya miezi michache utaona ni mahali gani panakupa beti nzuri na ni mahali gani unapapenda tu bila kupata kitu, nawe utajua pa kwenda.

Kila mwisho wa mwezi zisome beti zote kwa sauti mara moja, uweke alama penye zile ambazo ulimi haukujikwaa. Zenye kibwagizo kimoja ziunganishe ziwe shairi, uzipange upya kwa mtiririko wa maana badala ya tarehe zake, na utunge ubeti wa mwisho wa kuagana au wa kujitambulisha kama ilivyo ada. Shairi lililokamilika msomee mtu anayejua arudhi kuliko wewe, kisha ulipeleke kwenye ukurasa wa mashairi wa gazeti la Taifa Leo, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likichapisha tungo za wasomaji. Beti zilizobaki ziache daftarini, kwa kuwa miongoni mwake ndimo zitakamotoka takhmisa za siku kavu za mwezi unaofuata.